Ketanji Brown Jackson alipewa kiti kwa rangi yake? Tujadili

Wakuu, Februari 2020, kwenye mdahalo wa South Carolina, Joe Biden aliahidi kuwa akiupata urais atamteua mwanamke Mweusi awe jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Akatimiza: 7 Aprili 2022 Seneti ilimthibitisha Ketanji Brown Jackson kwa kura 53 dhidi ya 47. Hadi leo wapo wanaodai kilichoteuliwa ni rangi.

Tuanze na hesabu. Kabla yake mahakama ile ilishapata majaji 115, na 108 walikuwa wanaume Weupe. Hakuna rais aliyelazimika kuahidi mwanamume Mweupe, ilikuwa inajulikana tu. Reagan naye aliahidi mwanamke kwenye kampeni za 1980, akamleta Sandra Day O'Connor, na Seneti ikampitisha 99 kwa 0!

Ila kwangu uzito uko kwingine. Jackson amewahi kuwa wakili wa umma, wale wanaotetea watuhumiwa wasio na hela ya wakili. Hakuna jaji wa mahakama ile aliyewahi kuifanya kazi hiyo kabla yake. Halafu Oktoba 2022, ndiyo kwanza ameanza, ikaja kesi ya Alabama. Weusi kule ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini kwenye majimbo saba ya uchaguzi waliachiwa moja tu lenye Weusi wengi. Wakili wa Alabama akashikilia kuwa ramani ya majimbo hayo isichorwe kwa kuangalia rangi. Jackson akamrudisha kwa waliotunga Rekebisho la 14 la katiba: wao wenyewe waliangalia rangi, maana walitaka waliotoka utumwani wawe sawa na wengine. Mwaka 2023 Alabama ikashindwa, 5 kwa 4. Yeye alikuwa kwenye wale watano.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, na Clarence Thomas je? Naye ni jaji Mweusi palepale, na kesi hiyohiyo alikuwa kwenye wale wanne.

Mleta mada: Ndiyo, na kwa hiyo mmoja hatoshi. Majaji Weupe wakipingana, hakuna anayeuliza Weupe wana kazi gani pale.

Mchangiaji wa pili: Sisi tuna viti maalum. Mama anaingia bungeni, lakini abaki au asibaki anaamua nani? Chama. Sasa anamwakilisha nani?

Mleta mada: Kwa viti maalum nakuunga mkono. Jaji wa kule lakini anakaa maisha, hata aliyemteua hawezi kumtoa. Tazama Seneti yao sasa, ambako watu wanapigiwa kura. Carol Moseley Braun alitoka Januari 1999, akaja Kamala Harris Januari 2017. Miaka 18 hakuna mwanamke Mweusi hata mmoja kati ya maseneta 100. Wawili kwa wakati mmoja ni Januari 2025 ndipo imetokea: Angela Alsobrooks wa Maryland na Lisa Blunt Rochester wa Delaware.

Mchangiaji wa pili: Hao maseneta wamechaguliwa na wananchi, mkuu. Au na wapiga kura nao utawateulia?