Tupeane uzoefu: Ulijenga mfumo wa biashara kwa zana gani, na nani anautunza leo?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu zana tulizotumia kujenga tovuti na mifumo ya biashara, hasa biashara ndogo na za kati ambazo hazina mtaalamu wa kompyuta ofisini. Mijadala ya namna hii mara nyingi huishia kwenye ushabiki wa lugha za kuandika programu na fremuweki (msimbo ulioandaliwa tayari ambao unajenga juu yake), ilhali mteja aliyetupa kazi hajali kama ni PHP au JavaScript. Anachotaka ni bei ibadilike leo jioni na oda isipotee. Kwa hiyo naomba kila anayechangia aeleze alijenga nini, na mfumo huo unaendeleaje sasa ambapo yeye hayupo.

Nianze mimi. Mwaka 2019 nilimjengea mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi duka la mtandaoni pamoja na mfumo wa stoo. Nilikuwa nimetoka kujifunza React, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa ambayo Facebook iliifungua kwa umma mwaka 2013, nikaitumia kwa kurasa zote na nikaweka Node.js, inayoendesha JavaScript upande wa seva. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikwenda haraka. Siku niliyokwenda kukaa naye kaunta, fundi mmoja wa ujenzi alifungua tovuti kwa simu yake ya bei nafuu, tukasubiri. Skrini ilibaki nyeupe, kwa sababu nilikuwa nimeutwisha ukurasa zaidi ya megabaiti 2 za JavaScript, ambazo simu ililazimika kuzipakua na kuzichambua kabla ya kuonyesha hata bei ya mfuko mmoja wa saruji. Yule fundi alizima data, akamgeukia mwenye duka: "Bosi, niambie tu ni shilingi ngapi."

Niliijenga upya kwa Laravel, ambayo ni fremuweki ya PHP iliyotoka mwaka 2011. Ukurasa unaandaliwa kwenye seva na kumfikia mteja ukiwa HTML iliyokamilika, kwa hiyo hata bando dogo linatosha na simu haipati kazi kubwa. React niliibakiza mahali pamoja tu: skrini ya keshia, ambaye huifungua asubuhi na kukaa nayo mpaka jioni, anatafuta bidhaa, anajumlisha na kuondoa vitu bila kusubiri ukurasa upakiwe upya. Hapo inastahili uzito wake. Kwa anayekuja kuangalia bei na kuondoka, sioni sababu ya kumbebesha mzigo huo. Leo kijana wa duka ndiye anayebadilisha bei, na nilipopata kazi nyingine mwenye duka alipata mtu wa kunirithi bila kuhangaika, kwa kuwa wanaojua PHP hapa mjini ni wengi.

Mchangiaji wa Arusha

Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Mimi ni wa WordPress, mfumo wa PHP wa kuandikia na kusimamia tovuti, na siioni kama zana ya wasiojua kuandika msimbo. Imekuwepo tangu mwaka 2003, na faida yake kubwa kwa kampuni ya utalii niliyoihudumia ni kwamba katibu wa ofisi anaandika maelezo ya safari za Serengeti na Tarangire mwenyewe, anapakia picha, anachapisha, bila kunipigia simu.

Tatizo lilitokana na mimi kupenda njia ya mkato. Kila mteja alipoomba kitu kipya nilitafuta plagini, yaani kipande cha programu cha kuongezea kwenye tovuti: ya fomu, ya kalenda, ya kubadilisha sarafu, ya picha zinazoteleza. Zikafika 34. Baadhi ziliandikwa na watu waliokwisha kuziacha muda mrefu. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022, na ilipofika wakati wa seva kuhamishiwa PHP 8, plagini mbili zilishindwa na tovuti nzima ikawa ukurasa mweupe, tena katika wiki ambayo wageni walikuwa wanauliza nafasi za msimu. Nilizima plagini zote kwa kubadilisha jina la folda yake kwenye seva, tovuti ikarudi ikiwa tupu tupu, kisha nikawasha moja moja mpaka nikazikamata zilizokuwa na kasoro. Kazi hiyo ilinichukua usiku mzima.

Sasa zipo tisa tu, na hakuna sasisho linaloingia kwenye tovuti halisi kabla halijapita kwenye nakala ya majaribio. Jambo jingine ambalo ningependa wanaoanza walizingatie ni barua pepe za fomu. Kwa miezi kadhaa maombi ya safari yalikuwa yanaishia kwenye sanduku la barua taka, kwa sababu yalitumwa moja kwa moja na PHP ya seva, na si kupitia SMTP (njia rasmi ya kutuma barua pepe) ya akaunti ya kampuni yenye uthibitisho wa domeni, yaani jina la anwani ya tovuti. Mwenye kampuni aliamini biashara imepungua, kumbe wageni walikuwa wanaandika na hawajibiwi. Nilipoweka SMTP na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye domeni hiyo, maombi yalianza kufika siku hiyohiyo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana wapo waliopunguziwa siku za kazi katika kipindi kile.

Mchangiaji wa Zanzibar

Mimi si fundi, ni mwenye nyumba ndogo ya wageni. Nilitumia huduma ya kulipia kwa mwezi ambayo unajipangia vipande vilivyo tayari, na kwa siku mbili tovuti yangu ilikuwa hewani. Sijuti, kwa sababu wakati ule sikuwa na fedha za kumlipa mtu. Ila nilipotaka kuhama niligundua kwamba ninachoweza kuondoka nacho ni maneno na picha zangu tu. Muundo wote ulibaki kwao. Domeni nilikuwa nimeisajili mahali pengine kwa jina langu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniokoa, kwani anwani ambayo wageni waliizoea haikubadilika. Malipo ya kila mwezi ni kwa dola na kadi ya benki, nanyi mnaofanya biashara ya msimu mnajua mwezi wa Aprili, wakati wa masika, dola inavyopatikana kwa shida.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mwanzisha mada, naleta upande wa malipo, maana huko ndiko zana hupimwa kwa haki. Nilijenga mfumo wa kuagiza bidhaa kwa jumla, maduka ya rejareja yakiagiza na kulipa kwa M-Pesa. Nilichagua Django, fremuweki ya lugha ya Python. Ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na asili hiyo ya gazetini bado unaiona: ukishaeleza bidhaa, mteja na oda kwenye msimbo, Django inakutengenezea yenyewe kurasa za ndani za kuingiza na kurekebisha taarifa, kwa sababu waandishi wa habari hawakuwa na muda wa kumsubiri mtaalamu. Mhasibu wetu alianza kazi kwenye kurasa hizo wiki ya kwanza, nami nikapata nafasi ya kushughulikia malipo.

Malipo ya Daraja, yaani API ya M-Pesa (mlango ambao mfumo wako unatumia kuwasiliana na M-Pesa), hufanya kazi hivi: mfumo wako unatuma ombi, unapewa namba ya kumbukumbu inayoitwa CheckoutRequestID, simu ya mteja inaonyesha kisanduku cha namba ya siri, na matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja. Neno la kuangalia ni "baadaye". Toleo langu la kwanza lilisubiri matokeo hayo tu. Siku moja seva yetu ilizimika kwa dakika chache wakati wenye maduka wanalipa. Fedha zilitoka kwenye simu zao, oda zikabaki zimeandikwa "hazijalipwa". Mama mmoja mwenye duka alikuja mwenyewe ofisini na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu, akauweka mezani mbele yangu, hakusema neno. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo kila ombi linahifadhiwa kwenye hifadhidata kabla ya kutumwa, na namba yake ya kumbukumbu haiwezi kujirudia. Kila baada ya dakika chache kazi ya nyuma inayojiendesha yenyewe kwenye seva inapitia maombi ambayo hayajapata jibu na kuuliza hali yake. Kitufe cha kulipa kinafungwa kinapobonyezwa mara ya kwanza, kwa kuwa mtu akiona ukurasa umechelewa atabonyeza tena na kupata visanduku viwili. Tena usikubali matokeo yoyote yanayofika kwenye anwani yako bila kulinganisha kiasi na namba ya kumbukumbu, kwa sababu anayeijua anwani hiyo anaweza kukutumia jibu la uongo. Haya yote yanawezekana kwa Laravel, kwa Django au kwa Node.js, Django ilinisaidia kwa sababu ulinzi wa hifadhidata na miamala yake ulikuwa tayari.

Mchangiaji wa Mwanza

Wenzangu mmezungumzia mtandao wa taratibu. Mimi nizungumzie mahali ambapo mtandao haupo kabisa. Nilijenga mfumo wa kupokelea dagaa kwenye mialo ya Ziwa Victoria, ambako karani anapima ndoo, anaandika jina la mvuvi, anatoa namba ya risiti. Nilifikiria Flutter, zana ya kutengenezea programu za kusakinisha kwenye simu, ila makarani hubadilika kila mara na simu ni zao wenyewe, kwa hiyo nilitaka kitu kinachofunguka kwenye kivinjari. Nilitumia Vue, fremuweki ya JavaScript, nikaweka sevisi-woka, msimbo wa kivinjari unaohifadhi kurasa ndani ya simu, na taarifa zikawa zinaandikwa kwanza kwenye IndexedDB, hifadhidata iliyo ndani ya kivinjari, kisha zinapanda kwenye seva karani akifika penye mtandao.

Makosa mawili yalinifundisha. La kwanza, namba za risiti zilikuwa zinafuatana, 1, 2, 3, na makarani wawili wasio na mtandao wote walitoa risiti namba 48. Zilipopanda kwenye seva moja ikaifuta nyingine. Sasa kila rekodi inapewa UUID, namba ndefu ya nasibu isiyojirudia, na simu yenyewe, na risiti inaanza na herufi za mwalo. La pili ni saa. Simu ya karani mmoja ilizima chaji, ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kilo zote za asubuhi ile hazikuonekana kwenye ripoti ya mwezi. Mvuvi alidai malipo yake na mfumo ukasema hakuleta kitu, wakati ndoo zake kila mtu alikuwa amezishuhudia zikipimwa. Leo seva inaandika pia muda ambao rekodi imeifikia, na tofauti ikizidi siku moja msimamizi anaarifiwa.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Mwanza, hilo la saa sikuwahi kulifikiria, na kesho nalifanyia kazi kwenye skrini ya keshia. Dada wa Zanzibar, umegusa jambo ambalo sisi mafundi hatulitendei haki: domeni iwe kwa jina la mwenye biashara, naye awe na nenosiri la seva, nakala rudufu aijue ilipo na ajue jinsi ya kuirudisha. Kwenye kazi zangu za sasa naandika maelezo hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi mbili, namkabidhi mwenye duka, kisha namwomba aingie mwenyewe mbele yangu na kubadilisha bei ya bidhaa moja kabla sijapokea malipo ya mwisho. Wengine huchukua nusu saa, na mara nyingi ndani ya nusu saa hiyo ndipo naona kitufe nilichokiweka mahali pasipoonekana.

Naomba sasa tusikie kutoka kwa waliojenga mifumo ya zahanati na shule, maana huko kuna taarifa binafsi za watu, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019. Mlitumia zana gani, na nani ana ruhusa ya kufungua faili la mgonjwa?