Mjadala: Virginia Woolf abaki kwenye kiti cha heshima, au ashushwe?

Wanaotaka ashushwe huanza na Februari 1910. Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, wakati huo bado anaitwa Virginia Stephen, alijipaka weusi usoni, akabandika ndevu, akapanda manowari ya Uingereza iitwayo Dreadnought pamoja na wenzake wakijifanya wana wa ufalme wa Uhabeshi. Walipokewa kwa heshima zote. Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu zaidi ya kuudhika, maana safarini ndani ya treni walikuwa wakipekua kitabu cha sarufi ya Kiswahili wapate maneno ya kuwahadaa maofisa. Mdogo wake Adrian ndiye aliyekuwa mkalimani. Maneno yalipomwishia akakariri mashairi ya Kilatini ya Virgil huku akivuruga matamshi, na hakuna aliyeshtuka. Lugha ya Waafrika kwao ilikuwa kelele yoyote isiyoeleweka.

Hilo silitetei hata chembe. Tena naongeza. Katika A Room of One's Own, kitabu cha 1929 ambacho wengi hukiona msingi wa uandishi wa wanawake, anasema mwanamke ana bahati ya kuweza kumpita mwanamke mweusi mzuri bila kutamani kumfanya Mwingereza. Alikusudia kuwasuta wanaume wakoloni, sawa, lakini mwanamke mweusi mwenyewe hapo hana neno la kusema. Kazi yake ni kupitwa njiani. Na zile pauni 500 kwa mwaka anazosema mwandishi mwanamke anazihitaji, pamoja na chumba chenye kufuli? Msimulizi wa kitabu amezirithi kwa shangazi aliyeanguka kutoka kwenye farasi huko Bombay. Fedha ina harufu ya himaya.

Upande wa pili, watetezi wake hukimbilia kuhesabu. Mmarekani Michael Cunningham aliandika riwaya ya The Hours mwaka 1998 akijenga juu ya riwaya ya Woolf, Mrs Dalloway, akapata tuzo ya Pulitzer. Sally Potter akaifanya riwaya yake nyingine, Orlando, filamu. García Márquez, mwandishi mashuhuri wa Kolombia, akiwa kijana wa gazeti huko Barranquilla, alitia saini safu yake kwa jina Septimus, yule askari aliyevurugwa akili na vita katika Mrs Dalloway, riwaya ya 1925. Yote ni kweli, na bado naona orodha hiyo inathibitisha umaarufu tu.

Ushawishi wa Woolf mimi nauona kwa wale waliogombana naye. Chukueni insha ya Alice Walker, mwandishi Mmarekani mweusi, ya mwaka 1974, In Search of Our Mothers' Gardens. Walker anaichukua sentensi ya Woolf inayosema kwamba mwanamke mwenye kipaji kikubwa katika karne ya 16 angepata wazimu, au angejiua, au angemalizia maisha yake peke yake kwenye kibanda. Kisha anaipasua. Anapachika katikati yake: karne ya 18, mwanamke mweusi, aliyezaliwa au kufanywa mtumwa. Halafu anamtaja Phillis Wheatley, mshairi ambaye hata nafsi yake mwenyewe hakuimiliki, na kuuliza chumba na kufuli vingemhusu nini. Sentensi ile inabaki imesimama, ila sasa imebeba watu ambao Woolf hakuwaona. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo mwandishi anaweza kumpa mwandishi mwenzake.

Toni Morrison, naye mwandishi Mmarekani mweusi, aliandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1955 juu ya Woolf na mwandishi Mmarekani William Faulkner, miaka 15 kabla ya riwaya yake ya kwanza. Alimsoma kwa penseli mkononi, hakumwabudu.

Na wenzetu wa Kenya wasisahau: Hogarth Press, kampuni ya uchapishaji ambayo Woolf na mumewe Leonard waliianzisha mwaka 1917, ndiyo iliyochapa An African Speaks for His People cha Mkenya Parmenas Mockerie mwaka 1934. Mtaniambia siasa ilikuwa ya Leonard. Nakubali kwa sehemu kubwa. Lakini kampuni ilikuwa ya wote wawili.

Kwa hiyo mnaotaka ashushwe na aondolewe kwenye mitaala, nijibuni hili moja: kitabu cha 1929 kikitoka mezani, mwanafunzi atajuaje Walker alikuwa akimjibu nani, na kwa nini alikasirika kiasi kile?