Riwaya za Kichina za mtandaoni: wahusika wakiwa wabovu, tumlaumu mwandishi au tafsiri?

#1
Wakuu, sisi tunaokesha na xianxia, zile riwaya ambazo kijana mnyonge anajifua mpaka anakuwa mungu, tukae hapa kidogo. Kila sura ninayomaliza nakuta wasomaji wanalalamika: mhusika hana uhai, mwandishi hajui kuandika. Mimi nasema mwandishi anaonewa. Tunasoma Kiingereza, halafu tunahukumu Kichina.

Chukua mzee wa ukoo anayefoka, "ngozi ya uso wako ni nene!" Kwa Kiingereza inachekesha, na msomaji anaandika kuwa mazungumzo ni ya kitoto. Mswahili anaelewa palepale: huyo kaambiwa ana uso wa mbuzi. Sisi tunasema uso umeumbwa na haya. Wachina wana kitu wanachokiita "miànzi", ile heshima ya uso ambayo mtu hakubali ivunjwe mbele za watu. Ukishalijua hilo, yule bwana mdogo anayewasha vita kwa sababu katukanwa karamuni haonekani tena kichaa. Hata wale wanafunzi wa mwalimu mmoja wanaoitana kaka na dada bila kuwa na undugu, Kiingereza kinawafanya wawe kama roboti. Wewe si unamwita kondakta "kaka" kila asubuhi?

#2
Mkuu, kwenye uso nakuunga mkono, ila mwandishi umemsafisha kupita kiasi. Nimesoma moja yenye sura zaidi ya 2,000. Anakuja mtoto wa tajiri, anatukana, anapigwa. Anakuja baba yake, anapigwa. Anakuja babu. Hiyo nayo ni tafsiri? Pale Qidian, tovuti ya Kichina inayochapisha riwaya hizi, msomaji hulipia sura kwa hesabu ya kila herufi 1,000, na mwandishi anayekosa kutoa sura kila siku anakimbiwa. Ukilipwa kwa urefu, utarefusha. Dada yangu ni fundi cherehani. Angelipwa kwa mita ya uzi, familia nzima tungevaa magunia.

#3
Nyote mmeisahau mashine. Wuxiaworld, tovuti ya tafsiri za Kiingereza, ilipoanza mwaka 2014, waliotafsiri walikuwa mashabiki wenyewe, na wakikwama kwenye methali walikuwa wanaweka maelezo mafupi. Siku hizi tafsiri nyingi hazijapita mkononi mwa mtu. Kichina hutamka "tā" kwa mwanamume na kwa mwanamke, tofauti iko kwenye maandishi tu, na mara nyingi kiwakilishi chenyewe kinaachwa. Mashine inabahatisha. Kuna riwaya niliiacha njiani nikidhani penzi lina watu watatu, kumbe ni wawili, mmoja anabadilishwa jinsia kila aya! Kwa Kiswahili kizaazaa hicho kisingekuwepo, "yeye" wetu hajali.

#1
#3 umenena. #2, marudio ni ya mwandishi, hapo nimesalimu amri. Ila usidhani mtafsiri ni punda wa kubeba mzigo tu. Mwalimu Nyerere alipotafsiri ile tamthilia ya Shakespeare, mfanyabiashara mmoja wa Venisi akageuka Mabepari wa Venisi, kitabu cha 1969. Hajafungua mdomo mtu jukwaani, tayari tunawaangalia kwa jicho baya. Neno moja tu! Sasa fikiria sura 2,000 za maneno ya namna hiyo.

#4
Kaka zangu, mmezungumza weee, wanawake hamjawagusa. Ngozi kama jiwe la jade, baridi kama barafu, halafu shujaa akimwokoa mara moja basi barafu imeyeyuka na akili imeenda nayo. Nimesoma tafsiri ya mashine na ya binadamu za riwaya ileile. Ya binadamu ni tamu, sikatai, lakini yule dada ni yuleyule, kapambwa tu. Mke wa tano kaingia sura ya 900 na mpaka leo hajasema kitu zaidi ya "kuwa mwangalifu." #1, hapo Kiingereza kimekosea nini?

#1
Dada, hapo sina utetezi. Nitajie hiyo riwaya nisije nikaigusa.

#2
Mimi nitajie niisome. Nataka kujua babu alipopigwa, alikuja nani.