Nimepata leseni ya adjasta Texas, simu haiiti. Nianzie wapi?

Mtoto wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko. Niko Fort Worth, Texas. Naendesha lori. Zamani nilikuwa wa safari ndefu, jimbo hadi jimbo, sasa nasambaza mizigo hapa hapa mjini ili nilale nyumbani. Mke wangu ni muuguzi msaidizi wa zamu za usiku, na tuna watoto wawili.

Juzi juzi nimepata leseni ya adjasta, yaani ya kukadiria hasara za bima, ile ya matawi yote ya bima inayotolewa na Idara ya Bima ya Texas. Kozi ya saa 40 nimeimaliza mtandaoni nikisubiri kupakiwa mzigo, mtihani wa mwisho nikapita, nikachukuliwa alama za vidole, nikalipa ada ya dola 50, namba ikatoka. Nikadhani mlango umefunguka.

Tangu hapo kimya. Nimejiandikisha kwenye orodha za kampuni zinazopeleka maadjasta wa kujitegemea kwenye majanga, na zote jibu lao ni moja: asante, tutakutafuta ukihitajika. Sasa kuna jamaa tulikutana kwenye sherehe ya Watanzania Dallas. Ananishauri niache lori, ninunue ngazi na programu ya makadirio ya Xactimate, nihudhurie mafunzo yake ya wiki moja kwa dola 2,500, kisha kimbunga cha kwanza kikipiga nirudi na dola laki moja. Anasema kupelekwa ni uhakika.

Nauliza wenye uzoefu: hii njia ni ya kweli? Na kama si hiyo, mtu mwenye leseni mpya asiye na uzoefu hata wa dai moja anaanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Mlamba Asali

Dola 2,500 mpe mkeo alale usiku mmoja. Uzi ufungwe.

Fundi Paa

Hongera mkuu kwa leseni. Mimi ni adjasta wa kujitegemea, kazi yangu kubwa ni mapaa, kwa hiyo nikueleze pesa inavyotembea, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Wa kujitegemea halipwi mshahara. Kampuni ya bima inailipa kampuni iliyokutuma kwa jedwali: dai la ukubwa huu, malipo haya. Wewe unapata mgao, mara nyingi asilimia 60 hadi 70. Huo mgao hauji siku uliyopanda paa. Faili likirudishwa kwa sababu picha hazitoshi, unasubiri tena. Kwa hiyo unaweza kukaa wiki kadhaa hotelini Louisiana ukilipa chumba, mafuta na chakula kutoka mfukoni kabla ya senti ya kwanza kuingia. Juu yake, kodi hakuna anayekukata. Mwenyewe unapeleka kwa serikali kila robo mwaka, na ile ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3 kabla hujagusa kodi ya mapato.

Halafu kimbunga si mshahara. Mwaka 2024 Beryl alipiga Texas Julai, Helene na Milton wakaipiga Florida Septemba na Oktoba, watu wakafanya kazi mpaka wakachoka. Mwaka 2025 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua bara la Marekani. Waliokuwa wameacha kazi zao kusubiri upepo waliisoma namba.

Na huyo anayekuuzia "uhakika wa kupelekwa", muulize anapeleka kwa niaba ya kampuni gani, akuonyeshe kwa maandishi. Mafunzo ya kweli yapo na mengine ni mazuri, ila mwalimu hana mamlaka juu ya hali ya hewa wala juu ya meneja wa madai. Tena kampuni zikizidiwa huita wazoefu kwanza, nyie wapya mnaitwa wazoefu wakiisha.

Nairobi_Plano

Wacha mimi niongee tofauti kidogo, ndio asikate tamaa. Kuna wasee wameingia kupitia majanga na imewashikia. Mimi niliingia ile baridi ya Februari 2021, mabomba yalipopasuka Texas nzima. Madai yalikuwa mengi mpaka wakachukua watu wapya kabisa, na mengi yalifanyiwa kazi kwa simu na picha, hata ngazi sikugusa. Lakini boss, tofauti ni hii: nilikuwa na akiba ya kulipa nyumba miezi kadhaa, sikuwa na mtoto, na Xactimate nilikuwa nimeifanyia mazoezi mpaka naichora nyumba nikiwa nimefunga macho.

Hiyo programu ndiyo itakuinua ama ikuangushe. Bei zake hubadilika kila mwezi na kila eneo, kwa hiyo usikariri bei. Jifunze kuchora chumba, kuchora paa, na kujua mstari gani unaenda wapi. Wanaokurudishia faili hawakujui wewe, wanajua makadirio yako tu. Tumia kwanza muda wa majaribio wa bure, usijifunge na malipo ya kila mwezi kama huna kazi mkononi.

Bi Shufaa Houston

Mwanangu wa Pangani, pole na hongera. Mimi nimekaa kwenye madai ya magari kwa kampuni ya bima muda mrefu, mwajiriwa wa kawaida, mshahara, bima ya afya, likizo. Nimesoma uzi wote na kuna kitu kinanishangaza. Wewe ni dereva wa lori, tena umetembea majimbo. Mbona unakimbilia mapaa?

Ajali za malori ni madai makubwa na magumu, na vijana tunaoajiri wengi hawajui hata trela inafungwaje. Lori linalobeba mizigo ya kawaida ya watu kwa malipo na kuvuka majimbo linatakiwa na sheria ya shirikisho liwe na bima ya dhima, yaani ya kuwalipa linaowaumiza, isiyopungua dola 750,000. Hapo si gari la mtu kugongwa maegeshoni. Adjasta anatakiwa asome kumbukumbu za saa za dereva kwenye kile kifaa cha kielektroniki, aelewe kompyuta ya injini imehifadhi nini kuhusu mwendo na breki, aombe hati ya shehena, aulize lakiri ya trela ilikuwa nzima au imekatwa, na kama ni mzigo wa baridi, rekodi ya joto iko wapi. Wewe hivyo vitu umevishika kwa mikono. Mimi nilijifunza kwa kuuliza madereva.

Ushauri wangu: lori usiache leo. Omba nafasi za mkufunzwa wa madai kwenye kampuni kubwa. State Farm, Progressive, Allstate, USAA, GEICO wote huajiri watu wapya na kuwafundisha wenyewe. Progressive ndiyo kubwa kwenye bima ya magari ya biashara hapa Marekani, anzia hapo. Leseni yako haitakupa kazi peke yake, ila inamwambia meneja kwamba hutasubiriwa uipate.

Mtoto wa Pangani

Shikamoo Mama Shufaa. Hilo la malori halikunipitia kichwani kabisa, nilidhani uadjasta ni mapaa na vimbunga kwa sababu ndivyo video zote zinavyoonyesha.

Ila niulize na Fundi Paa: nikiomba ajira na nikapangiwa nyumba badala ya magari, hilo paa lenyewe linakaguliwaje? Kozi ilinifundisha sheria, kwenye paa sijawahi kupanda.

Fundi Paa

Hapo umenigusa, subiri.

Usianze na ngazi, anza chini. Zunguka nyumba. Angalia mapezi ya kiyoyozi cha nje, mifereji ya maji, nyavu za madirisha, rangi ya uzio. Mvua ya mawe ikipiga kweli inaacha ushahidi kwenye vitu laini kabla hujafika juu, na upande uliopigwa unakuambia upepo ulitoka wapi.

Ukipanda, kila mteremko wa paa unachora kwa chaki mraba wa futi 10 kwa 10 na kuhesabu alama zilizomo ndani, unapiga picha na hesabu ikionekana. Alama za mvua ya mawe zinatawanyika ovyo, kubwa na ndogo zimechanganyika, punje za kigae cha lami zimetoka na ukibonyeza kwa kidole panabonyea kama tunda lililogongwa. Sasa ukikuta alama zote saizi moja, zimejipanga katikati ya vigae, halafu bati la bomba la hewa lililo hatua mbili pembeni halina hata kibonyeo, ujue kuna mtu alitangulia na nyundo. Usimtuhumu mwenye nyumba, mara nyingi yeye mwenyewe hajui fundi wake alifanya nini huko juu. Piga picha, andika ulichokiona, peleka ofisini.

Na usitamke "utalipwa" ukiwa juu ya ngazi. Hata "nadhani" usiseme. Wa kujitegemea anakusanya na kukadiria, uamuzi wa kama mkataba unalipa ni wa kampuni. Mteja akisikia "nadhani" yako, kesho ni nukuu kwenye barua ya wakili.

Paa la mwinuko mkali usipande kwa ushujaa. Kuna watu wa kulipwa kwa kazi ya ngazi na kamba, omba. Na Julai hapa Texas panda asubuhi, saa nane mchana vigae vya lami vinalainika na buti lako linaacha madoa ambayo utaambiwa ulipe wewe.

Nairobi_Plano

Ongeza hii: leseni ya Texas peke yake haikutoshi kila mahali kama unataka mapaa. Lakini Colorado, Kansas, Nebraska na Missouri, kwenye mvua ya mawe yenyewe, hawana leseni ya adjasta wa kujitegemea, unaenda na ya Texas tu. Oklahoma, Louisiana na Florida wanayo, na wanakupa ya mgeni kwa sababu una ya Texas. California na New York usijisumbue kwanza, huko ni mtihani wao.

Bi Shufaa Houston

Na mahali pagumu kuliko paa ni jikoni kwa mwenye nyumba, unapomweleza hundi. Hapo ndipo watu wetu wanaumizwa, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Chukua paa la kurudishia upya kwa dola 18,000. Limezeeka, uchakavu wake umekadiriwa dola 7,000. Nyumba ina bima ya dola 300,000 na dedaktibo ya upepo na mvua ya mawe ni asilimia 2. Asilimia 2 ya nini? Si ya paa. Ni ya bima ya nyumba, yaani dola 6,000, na hicho ni kipande anachobeba mwenyewe. Kwa hiyo hundi ya kwanza ni 18,000 toa 7,000 toa 6,000, inabaki dola 5,000. Zile 7,000 za uchakavu atalipwa akishatengeneza na kuleta risiti, ikiwa mkataba wake ni wa kurudishia upya. Kama mkataba wake unalipa thamani ya sasa tu, hizo 7,000 hazipo tena.

Mtu anategemea elfu kumi na nane, unamwekea elfu tano mezani. Usipomweleza kwa utulivu atakuona mwizi. Na fundi akimnong'oneza "mimi nitakufutia dedaktibo", mwambie tangu Septemba 2019 hapa Texas hilo ni kosa kisheria kwa fundi.

Tena jifunze tarehe. Sheria ya Texas inaipa kampuni siku 15 kukiri imepokea dai na kuanza uchunguzi, na ikishapata kila ilichoomba, siku 15 za kazi kukubali au kukataa. Meneja anakupima kwa hizo tarehe kuliko anavyokupima kwa ngazi.

Kijana wa Uvira

Samahani kuingilia. Hapa Houston majirani wangu wengi ni Wakongomani, baada ya mafuriko walikataliwa na hawakuelewa sababu. Adjasta anayesema Kiswahili hawezi kuwasaidia?

Bi Shufaa Houston

Anaweza sana, kwanza kwa kuwaeleza mapema kwamba bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake, wengi kupitia mpango wa serikali kuu, na kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla ya kuanza. Wakati wa kimbunga Harvey, Agosti 2017, nyumba nyingi zilizozama Houston hazikuwa nayo.

Ila Mtoto wa Pangani asichanganye viatu. Adjasta wa kampuni anafanyia kazi kampuni. Anayemtetea mteja dhidi ya kampuni ana leseni yake nyingine, na Texas imeiwekea ada yake kikomo cha asilimia 10 ya malipo ya dai. Kwenye dai moja huwezi kuwa wote wawili. Kutafsiri kwa haki na kueleza mkataba kwa lugha anayoielewa mtu, hilo unaruhusiwa, na andika kwenye wasifu wako kwamba unazungumza Kiswahili.

Mtoto wa Pangani

Nimewaelewa wote. Jamaa wa dola 2,500 nimemwandikia anitajie kampuni, mpaka sasa ameona ujumbe na hajajibu. Jana usiku nimetuma maombi mawili ya ukufunzwa wa madai ya magari ya biashara. Ila nilikwama kwenye wasifu, sehemu ya uzoefu. Niandike nini? Sijashughulikia dai.

Bi Shufaa Houston

Umeshughulikia, ila ulikuwa upande wa pili. Umewahi kukuta mzigo umeharibika wakati wa kushusha? Uliandika kwenye hati ya shehena, ukapiga picha, ukampigia simu mratibu. Andika hivyo hivyo. Ukaguzi wa lori kabla ya safari, andika. Miaka bila ajali, kama ipo, iweke juu kabisa. Wasifu wenye "mchapakazi na mwepesi kujifunza" tunapokea kila siku.

Fundi Paa

Ngazi usinunue. Ukitaka kuonja, nicheki inbox, Jumamosi yoyote nikiwa na kazi Tarrant, kaunti yako ya Fort Worth, na mwenye nyumba akiridhia nitakuchukua ushike chaki. Na zile saa 24 za masomo za kila miaka miwili anza kuzipunguza mapema, mwezi wa mwisho kila mtu anazikimbilia na madarasa mazuri yanakuwa yamejaa.