Puto la tumboni: "bila kisu" ndiyo bila jeraha?

Mleta mada: Wadau, nina ugomvi na tangazo la puto la kupunguza uzito linalosema "ni salama, hakuna kisu". Puto la silikoni linapitishwa mdomoni likiwa tupu, likifika tumboni linajazwa maji ya chumvi, mililita 400 hadi 700, na kwa takriban miezi 6 mnene anashiba mapema. Haya. Lakini tumbo ni msuli hai wenye utando laini unaolikinga na asidi yake lenyewe. Tia humo mzigo unaosugua usiku na mchana, msuli utahangaika kuusukuma nje. Ndiyo maana siku za kwanza watu hutapika mpaka basi. Chakula huchelewa kutoka, na waliopimwa wamekutwa msuli wa ukuta umenenepa. Wengine huchubuka, wengine hupata vidonda, na wachache sana tumbo hutoboka. Mbona hayo hayasemwi?

Mchangiaji wa 2: Mkuu, hofu yako ni ya puto la zamani. Lile la Garren-Edwards, lililoruhusiwa Marekani mwaka 1985, lilikuwa kama kopo, lina kingo, limejaa hewa. Likachubua watu, likanywea na kuziba utumbo, mwaka 1988 likaacha kuuzwa. Wataalamu walishakutana Tarpon Springs, Florida, mwaka 1987 wakataka puto laini lisilo na kingo, lijazwe maji. Na mbona unene wenyewe huutaji? Mwenye kilo 190 hata dawa ya usingizi ni hatari kwake. Apungue kwanza kwa puto, ndipo apasuliwe kupunguzwa tumbo.

Mleta mada: Hapo ndipo umenisaidia. Ukuta ulionenepa kwa puto ndio huohuo daktari atakuja kuubana kwa pini. Mgonjwa anaambiwa kwamba baada ya puto kutolewa, tumbo linahitaji muda litulie?

Mchangiaji wa 3: Mimi nililibeba. Nilipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ya kila siku nikakatazwa dawa za maumivu. Mgongo ukaniuma, nikameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa siri (najua, msinicheke). Choo kikawa cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni. Likatolewa mwezi wa 4. Kamera ya baadaye ilionyesha utando umepona. Kilo nilipoteza 14, saba zimesharudi.

Mchangiaji wa 4: Pole dada. Ila tusisahau kwamba mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha madaktari juu ya maputo ya maji: kongosho kuvimba, puto kujijaza lenyewe, na vifo 5, ingawa ilisema chanzo cha vifo hakijulikani kwa hakika.

Mchangiaji wa 2: Basi tatizo ni usimamizi. Dada, kabla ya kuwekewa, kuna aliyekuuliza kuhusu mgongo wako?

Mchangiaji wa 3: Hakuna. Waliniuliza kilo tu.