Re: WIC kwa mjamzito aliyekatiwa stempu za chakula

Shikamooni dada zangu. Shemeji yangu ana mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Ni wakimbizi, grini kadi (kibali cha kuishi Marekani daima) bado, na stempu za chakula, msaada wa serikali wa kununulia chakula, wamekatiwa. Jirani kamwambia asikanyage WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, atajiharibia karatasi. Kweli?
– Mdogo wenu, Louisville

Marahaba. Jirani kachanganya mambo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliwatoa kwenye SNAP, yaani stempu za chakula, wakimbizi wasio na grini kadi. WIC ni mpango mwingine na haidai uraia. Inamtaka mjamzito, aliyejifungua karibuni, anayenyonyesha, au mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano, na kipato kisichozidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini. Mimba nayo huhesabiwa: nyumba ya watatu inakuwa ya wanne, kwa hiyo msiseme “tunapata nyingi mno” kabla ya kuuliza. Akiwa na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), suala la kipato limekwisha. Akihofia kesi yake, amuulize wakili wa uhamiaji, si jirani wa ghorofani.

Aende na kitambulisho, barua yenye anwani, hati za mshahara za mumewe, na mtoto mwenyewe. Watapima urefu na uzito, watamtoboa kidole kuona kama damu inatosha. Mkalimani ni bure, aombe anapopiga simu. Tafadhali, asimpeleke binti wa mtu wa miaka kumi akatafsiri habari za mimba!
– Mama wawili, Columbus

Niongeze la dukani, maana huko ndiko watu hukata tamaa. Kadi ya WIC haina pesa za kununua upendacho. Ina maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, mkate wa ngano isiyokobolewa, kwa vipimo na chapa zilizoruhusiwa na jimbo. Mboga na matunda tu ndiyo yana dola zake: mwaka wa fedha wa 2025 ilikuwa 26 kwa mtoto na 47 kwa mjamzito kwa mwezi. Kisichochukuliwa mwezi ukiisha kinapotea, na mimi naona wengi wetu tunapoteza hapo hapo. Duka la Kiafrika aulize kwanza kama linapokea kadi hiyo.
– Dallas

Asanteni sana. Kaka yupo zamu ya usiku, mchana huwa nyumbani. Anaweza kumpeleka mtoto yeye?
– Louisville

Anaweza. Baba, bibi, yeyote anayemlea kihalali.
– Columbus