Wageni wa Dar wanataka nibadilishe nahodha eti "anaongea kama Mrundi". Nifanyeje?

Mama Gesti (Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za usiku. Nina hasira kidogo, nikirukaruka mnivumilie.

Nina gesti ya vyumba vitano hapa Kigoma mjini. Mgeni akitaka kwenda Gombe namtafutia safari yote, na boti ni ya nahodha mmoja aliyefanya kazi na marehemu baba. Kwa wasiopajua: Gombe ni hifadhi ya sokwe, na hakuna barabara. Ni km 16 hivi kaskazini ya mji na njia ni ziwa tu. Kwa hiyo nahodha ndiye safari yenyewe.

Miezi miwili iliyopita watu tisa wa ofisi moja huko Dar waliweka nafasi ya siku nne: Gombe, Ujiji, na siku moja ya kuogelea. Wakatuma nusu ya hela. Nusu hiyo nimeshanunulia magodoro mawili na kumlipa fundi paa, hilo mlielewe mapema kabla hamjaniambia "warudishie tu".

Wiki jana dada anayewaratibu akaanza maswali. Vita ya Kongo je? Nikamwambia Goma iliyotekwa Januari 2025 iko kama km 350 kutoka hapa kwa mstari wa ndege, ni kama yeye aogope kulala Dar kwa sababu ya jambo lililotokea Dodoma. Wakimbizi je? Nikamweleza kambi ya Nyarugusu iko Kasulu na ya Nduta iko Kibondo, si mjini hapa. Ugonjwa wa Marburg je? Nikasema ile ya 2023 na ile ya mwanzoni mwa 2025 zote zilikuwa Kagera na zilitangazwa kuisha. Sikuchoka. Mgeni ana haki ya kuuliza, hela yake na roho yake.

Juzi nahodha akawatumia sauti kwenye WhatsApp kuwaeleza saa za kuondoka. Haikupita nusu saa nikaletewa hii: "Dada samahani, huyo nahodha ni Mtanzania kweli? Anaongea kama Mrundi. Wenzangu hawana amani. Tunaomba mwingine, la sivyo tunaomba pesa yetu."

Nahodha ni Muha, mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji kilicho juu kidogo ya hifadhi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, mtu wa Dar atatofautishia wapi?

Mume wangu anasema nibadilishe kimyakimya, nahodha nimwambie wageni wameahirisha. Kijana anayenisaidia ukurasa wetu wa Instagram anasema kosa ni langu, nimeweka ramani inayoonyesha Burundi na Kongo. Anataka niitoe, niandike "Magharibi mwa Tanzania" basi, wageni wajue wamefika wakishafika.

Nishaurini. Nina siku tisa.

Tikiti Maji

Badilisha. Watu tisa si mchezo, na msimu ukipita umepita. Mzee mpe chochote apumzike siku nne, akirudi kazi iko palepale. Ukianza kuwafundisha wateja utu, utabaki na magodoro yako mapya unalalia mwenyewe.

Binti Manyema (Ujiji)

Tikiti Maji, huyo mwingine atatoka wapi? Hapa Ujiji sisi Wamanyema babu zetu walitoka Kongo na misafara, na Kiswahili kilikuwa kinasemwa sokoni kwetu kabla reli haijafika Kigoma 1914. Tukianza kuchambua nani asili yake ng'ambo, Ujiji itabaki na miembe ya Livingstone peke yake.

Na dada, huo uongo wa shemeji usiujaribu. Kibirizi, boti zinakoondokea, hakuna siri. Nahodha atajua kabla ugali wa mchana haujaiva, na ataona boti ya mwenzake imebeba wageni wako.

Mzushi Namba Moja

Nimekuja kusoma maoni na dagaa mkononi.

Mwisho wa Reli (Kigoma)

Mimi nina umri wa kukumbuka, kwa hiyo nitasema kitu ambacho vijana hawatakipenda. Hofu ya Kigoma haikuzuliwa na watu wa Dar. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire wakaingia Gombe, wakachukua wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti kwa Jane Goodall, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi. Wote waliachiwa baadaye, lakini dunia ilisikia. Kisha ikaja miaka ya vita Burundi, Rwanda na Kongo, na watu walimiminika huku kwa mamia ya maelfu. Tena kuna wakati basi la kutoka hapa kwenda Nyakanazi lilikuwa haliendi bila polisi wa kulisindikiza. Nilisafiri hivyo mara nyingi, unakaa dirishani unahesabu miti. Leo njia ile ni lami na watu wanasinzia humo.

Shida ni kwamba habari ya hatari husafiri kwa ndege, habari ya amani inakuja na treni ya kati.

Jambo moja la 1975 ambalo husahaulika: wageni walipoondolewa, kazi ya kuwafuatilia sokwe haikufa. Waliibeba wenyeji, vijana wa vijiji hivihivi vya ziwani, waliokuwa wakiandika kila siku sokwe yupi kala nini na kalala wapi. Mtu wa Mwamgongo ndiye anaogopwa leo? Haya.

Dereva wa Kaskazini (Arusha)

Dada pole. Miaka yote huku kwetu tumekuwa upande wako wa meza, ila anayetuogopa ni mzungu. 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Simu zikaanza kuingia Arusha: "tunafuta safari ya Serengeti". Ukitazama ramani, Madrid iko karibu na Sierra Leone kuliko Arusha, na Madrid kuna muuguzi aliambukizwa kabisa hospitalini. Tanzania hakuna hata mgonjwa mmoja mwaka ule. Sikusikia mgeni wangu yeyote akiiogopa Hispania.

Halafu Oktoba 2025 baada ya uchaguzi, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, balozi zikawaonya raia wao. Hapo siwezi kumlaumu mgeni aliyefuta, hata mimi nilikuwa siwezi kumpigia nimwambie chochote. Lakini nawauliza hao tisa wa Dar: ile wiki mngependa dunia iwatazame kama mnavyomtazama huyo mzee?

Kuhusu ramani: usiitoe. Mgeni wa nje anaangalia tangazo la serikali yake kabla hajaangalia ukurasa wako. Waingereza wakiandika "usiende ila kwa safari ya lazima" eneo fulani, bima nyingi za safari hazifanyi kazi pale, na hapo mtu haogopi tena, anapiga hesabu tu. Ila matangazo hayo mara nyingi yanataja ukanda, si nchi nzima. Wametaja kwa miaka ukanda wa mpaka wa Msumbiji kule Mtwara kwa sababu ya mapigano ya Cabo Delgado, na watu wameendelea kupanda Kilimanjaro. Kwa hiyo ramani ndiyo rafiki yako. Ukimficha, akifungua simu mwenyewe akaiona Burundi hapo juu, atajiuliza umemficha na nini kingine.

Mama Pacha (Dar)

Niseme upande wa wanaofuta. Miaka mitatu iliyopita nilifuta safari ya Kigoma siku nne kabla. Niliyemwambia nilidanganya, nikasema mtoto anaumwa. Ukweli ni kwamba mama yangu alilia kwenye simu: "unawapeleka wajukuu zangu kwa wakimbizi?" Na kazini mmoja akasema kule kuna uchawi, mwingine akasema hakuna hospitali. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

Uchawi niliucheka. La hospitali lilinikosesha usingizi, na mwenyeji wangu kila nikimuuliza alikuwa anajibu "usijali, huku salama kabisa". Neno "usijali" lilinitisha kuliko Kongo. Angeniambia tu hospitali ya mkoa inaitwa Maweni, mtandao wa simu unakatika wapi, boti ikiharibika katikati tunafanya nini, ningekuja.

Lakini sikuuliza mtu kabila lake. Hilo la nahodha ni kitu kingine.

Tikiti Maji

Ndiyo maana nasema, hofu haijadiliwi. Mpe anachotaka aje, akifika ataona mwenyewe ni ujinga.

Mtoto wa Ulyankulu (Tabora)

Nimesoma uzi wote nikawa nataka kupita. Nimeshindwa.

Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi 1972. Mimi nimezaliwa Ulyankulu, mkoa huu wa Tabora. Uraia tulisubiri miaka, vyeti vilianza kutolewa 2014. Nina kitambulisho cha taifa, nimepiga kura, nina watoto shuleni. Na bado nikipanda basi kuja Kigoma kuna kizuizi ambapo naulizwa maswali mimi na wenzangu wa kiti cha nyuma wanaachwa, kwa sababu ya pua au ya lafudhi, hawajawahi kuniambia ni ipi.

Dada Mama Gesti, naomba usiwajibu hao "ni Muha, si Mrundi". Naona wewe mwenyewe umeanza utetezi hapo na wengi humu mmepita njia hiyohiyo. Sasa angekuwa Mrundi kweli ungesema nini? Ukijibu hivyo umewaambia: mna haki ya kuogopa, ila mmekosea mtu. Na safari ijayo watakosea mtu mwingine.

Wajibu kuhusu boti. Ana miaka mingapi ziwani, boti imekaguliwa lini, maboya ya kuvaa ni mangapi. Nchi hii tuliwazika watu wa MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na lafudhi ya nahodha. Ziwa lenu lina kina cha mita 1,470. Mtu anakwenda kuelea juu ya maji ya namna hiyo na swali lake la kwanza ni nahodha kazaliwa wapi?

Binti Manyema

Uzi ungefungwa hapa. Mtoto wa Ulyankulu, karibu Ujiji, nitakukaangia mgebuka kwa mawese.

Mzushi Namba Moja

Msifunge kwanza. Mama Gesti, nina kumbukumbu mbaya, yaani sisahau. Mwaka juzi ulifungua uzi hapahapa ukiuliza kama ni salama kwenda Bujumbura kuchukua vitenge. Tukakushauri, ukapewa hadi mwenyeji. Mwisho ukaandika umeghairi kwa sababu, nanukuu, "Warundi hawaeleweki". Nimemaliza, narudi kwenye dagaa.

Mwisho wa Reli

Lo.

Mama Gesti

Mzushi umenipata mchana kweupe. Nimeutafuta ule uzi nimeusoma. Niliandika hivyo, na sikuwa hata na sababu, kuna mama mmoja sokoni alinitisha nikabeba maneno yake mzimamzima. Sina utetezi. Mtoto wa Ulyankulu, nisamehe kaka.

Jana usiku nimewaandikia Dar. Naweka hapa kama nilivyotuma:

"Dada, nahodha wetu ana zaidi ya miaka 20 kwenye njia ya Gombe. Boti ina maboya ya kuvaa 14, ninyi mko tisa. Tunaondoka asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia, na likichafuka hatuondoki hata kama mmelipia. Njiani kuna sehemu simu haishiki, nitawaeleza ni wapi. Hospitali ya mkoa ni Maweni, ipo hapa mjini. Swali la nahodha kuwa wa wapi sitalijibu, na nahodha sibadilishi. Asiyeridhika nitamrudishia hela yake yote ndani ya wiki mbili."

Mume wangu aliposoma "hela yake yote" akatoka nje kupunga upepo.

Dereva wa Kaskazini

Wamejibu?

Mama Gesti

Wamejibu leo mchana. Watatu wamejitoa, na nitawalipa, nimeshaongea na fundi paa atanisubiri. Sita wanakuja na ndege ya Alhamisi. Yule mratibu alinipigia, akasema ukweli ni mmoja tu kati yao ndiye aliyeanza maneno ya Mrundi, wengine walinyamaza, na yeye ndiye aliyeandika "wenzangu hawana amani" kwa niaba ya kimya chao. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia aje na kofia, jua ni kali.

Ramani nimeiacha. Nimeongezea alama ya Maweni, ushauri wa Mama Pacha huo.

Nahodha nimemweleza yote, hata ya Bujumbura nimemwambia. Nilimkuta Kibirizi anaziba ufa kwenye boti. Hakuinua kichwa. Alimaliza kupigilia, akafuta mikono, ndipo akauliza kama kuna yeyote kati ya hao sita mwenye mafua, maana mwenye mafua haruhusiwi kwa sokwe, wanaambukizwa wanakufa, na yeye hataki kumrudisha mtu getini baada ya safari yote ile.

Nimewauliza. Mmoja anakohoa.